Vipande vya Bunduki ya Mama

Wiki iliyopita nilipeleka geti langu kwa fundi wa kuchomelea, mjini Bukoba. Nikiwa nimekaa kwenye benchi nasubiri, harufu ya oili chafu na chuma kilichoungua ikaniingia puani, na papo hapo nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, nimesimama kando ya mama yangu mbele ya lundo la vyuma chakavu, namwangalia anavyokataa kitu kizuri. Wenzangu wa rika langu wakisikia harufu ile hukumbuka baiskeli za baba zao. Mimi nakumbuka bunduki. Na nikikumbuka bunduki nakumbuka jinsi nilivyotamani mtu fulani afe. Ilikuwa tamaa safi, isiyo na hofu ndani yake, kama mtoto mwingine anavyotamani soda ya Krismasi.

Tulikuwa tunakaa Kaagya, kwenye kibanja cha migomba na kahawa ambacho baba alikirithi kwa baba yake. Ngedere walikuwa wanatumaliza. Walikuja asubuhi tukiwa kanisani na jioni tukiwa mtoni, wakala ndizi mbichi na zilizoiva, wakakojoa juu ya zilizobaki. Baba alikuwa amewahi kuona bunduki moja ndogo, ya risasi nyembamba kama kidole cha mtoto, mali ya mzungu mmoja wa misheni. Akaamua atajitengenezea ya kwake. Alikata kipande cha mti wa msambya akachonga kitako, akakisugua kwa msasa na mafuta mpaka kikang'aa kama goti la mtoto aliyetoka kuoga. Vipande vingine, alisema, atavitafuta polepole, kimoja kimoja, popote vitakapopatikana kwa bei ya chini, na akishapata vyote atakwenda kuomba kibali. Hakupata hata kimoja. Alianza kuumwa tumbo msimu wa senene, na kabla kahawa haijaiva tukamzika nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Mama akauza ng'ombe wetu wa pekee ili kaburi lijengwe kwa saruji.

Matanga hayajaisha vizuri, akaja baba mdogo Felician, mdogo wake baba, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Nilikuwa nampenda baba mdogo mpaka siku ile, kwa sababu alikuwa na kicheko kikubwa na alinibeba mabegani. Alikaa kwenye kiti cha baba. Akamwambia mama kwa upole kabisa, kana kwamba anamwuliza habari za shambani, kwamba kibanja ni cha ukoo, na kwa kuwa mama hakumzalia kaka yake mtoto wa kiume, hakuna wa kukishika.

"Na huyu?" mama akauliza, akiniwekea mkono kichwani.

"Huyu ataolewa," baba mdogo akasema. "Shemeji, mimi sikufukuzi. Nakupa nafasi ujipange."

Tulijipanga kwa kubeba masufuria, blanketi mbili na kitako cha bunduki, ambacho mama alikifunga ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Tukahamia Kitendaguro, kwa dada yake mama, mama mkubwa Domina, mjane mwenye nyumba ya vyumba vitatu na sauti ya kuimbia kwaya. Mtoto mkubwa wa Felician akaingia kwenye nyumba yetu kabla majivu ya jiko letu hayajapoa.

Pengine mambo yangeishia pale. Wajane wengi waliishia pale, na sisi tuliokua wakati ule tunawajua kwa majina. Lakini ulipofika msimu wa kahawa tulirudi Kaagya kusafisha kaburi na kuweka maua, na tulipozunguka nyuma ya nyumba tukakuta saruji haionekani. Baba mdogo alikuwa ameanika kahawa juu yake. Ilikuwa imetandazwa kutoka kichwani mpaka miguuni, nyekundu na nyeusi, na kuku wawili walikuwa wanaichakura pale ninapodhani kifua cha baba kilikuwa.

Mama akaita kuelekea nyumbani. "Shemeji," akasema, "umeanika wapi kahawa?"

Baba mdogo alikuja akijifuta mikono. "Saruji ni saruji," akasema. "Inakausha haraka kuliko mkeka. Kaka mwenyewe angefurahi, alikuwa mtu wa kazi." Akacheka kicheko chake kile kile.

 Mama alipiga magoti, akasogeza kahawa kwa kiganja taratibu mpaka msalaba ukaonekana, akasali, akaweka maua, akainuka. Tulitembea mpaka barabarani. Ndipo akasema, akiangalia mbele, "Nitaitafuta ile bunduki ya baba yako. Vipande vyake vyote."

Nilielewa. Au nilidhani nimeelewa, na moyo wangu ukapiga kwa furaha ambayo sijawahi kuipata tena mahali popote, hata madhabahuni siku ya ndoa yangu. Ngedere walikuwa Kaagya, sisi tulikuwa Kitendaguro. Bunduki haikuwa ya ngedere.

Basi tukaanza kutafuta. Siku za soko, nikitoka shule, mama alinishika mkono tukaenda kwa Sadoki, mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa anazunguka vijijini na baiskeli yenye mzani. Tukaenda kwa fundi baiskeli mmoja wa pale sokoni. Tukaenda kwa mafundi wa kuchomelea, kwa muuza kufuli, kwa mzee anayetengeneza miavuli. Kila mahali mama alifungua kitenge, akaweka kitako cha msambya mezani, akaongea kwa sauti ambayo nyumbani hakuwa nayo.

"Natafuta mtutu wa bunduki ndogo. Na kifyatulio. Na springi. Mimi ni mjane wa Kaagya, shemeji yake Felician, sina pesa nyingi. Una nini cha bei nafuu?"

Watu waliangaliana. Wengine walimwambia atoke. Wengine, kwa kuwa njaa ilikuwa yao pia, waliingia ndani wakatoka na kitu. Nilijifunza maneno yote yale mapema kuliko jedwali la kuzidisha la saba: mtutu, kitako, kifyatulio, pini. Mama aligeuzageuza kila kipande, akakipuliza, akakitazama kwa jicho moja kama mtu anayejua, kisha akakirudisha. Hiki kizito. Hiki kina kutu. Hiki bei yake ya matajiri. Nilishindwa kuvumilia. Kuna springi moja kwa Sadoki iliyokuwa inang'aa kama mpya, na Sadoki alikuwa radhi kuitoa karibu bure ili tu tuondoke, na mama akasema, "Nitafikiria. Wewe kesho unakwenda Kaagya, sivyo? Ukirudi tutaongea."

Nikaona mama hajui kununua. Nikaanza kukusanya mwenyewe. Niliokota mbavu za mwavuli uliokufa, springi za kitanda, spoki, kitasa cha sanduku, nikavitia kwenye mfuko wa sukari chini ya kitanda chetu. Jioni, mama mkubwa Domina alipotuongoza kusali, mimi niliomba mtutu.

Mama mkubwa hakuwa mjinga. "Mdogo wangu, utafungwa," alimwambia mama, wakimenya ndizi. "Mji mzima unakusema. Utafungwa na huyu mtoto atabaki na nani?"

"Wanasemaje?" mama akauliza.

"Wanasema unatengeneza bunduki umwue Felician."

"Wanasema hivyo mpaka wapi?"

"Mpaka Kaagya."

Mama akaendelea kumenya. Nilimwona uso wake ukilainika, nikadhani ni hofu.

Likizo ilipofika tulisafiri mpaka Kimwani, kule Muleba, safari iliyotuchukua siku nzima, kwa sababu mama alisikia kuna mhunzi wa zamani aliyekuwa akitengeneza magobore. Alikuwa mzee mfupi mwenye vidole vilivyoungua, na mke wake, mama mnene mwenye maneno mengi, alitupa ndizi na maharage na kutuuliza kwetu ni wapi. Mama alimweleza yote: kifo, kibanja, kahawa juu ya kaburi. Alimweleza huyo mama zaidi ya alivyomweleza mhunzi. Kisha mhunzi akaleta mtutu, umefungwa kwa gunia lenye mafuta. Ulikuwa mwembamba, mweusi, umenyooka kama mstari wa rula. Akataja bei, na hata mimi niliyekuwa mtoto nilijua tunaiweza, kwa sababu nilijua mama amefunga nini kwenye pindo la kanga yake.

Mama akaushika, akauinua kwenye mwanga wa mlango.

"Umepinda," akasema.

Mzee akashangaa. "Umepinda wapi, mama?"

"Umepinda. Nisamehe, mzee. Nitaendelea kutafuta."

Njiani nililia kwa hasira. "Haukupinda, mama. Nimeuona. Haukupinda."

"Umepinda," mama akasema, akanipa ndizi ya kuchoma.

Usiulize nilimchukia kiasi gani. Niliona kwamba mama yangu ni mwoga, kwamba anazunguka na kipande cha mti kama mwendawazimu, na kwamba baba ataendelea kuanikiwa kahawa kifuani mpaka mwisho wa dunia. Nikaamua, kwa kuwa mkubwa ameshindwa, nitaanzia upande wa pili. Darasani kwetu kulikuwa na msichana ambaye babu yake aliwahi kuwa askari wa wanyamapori, na alikuwa ametuonyesha risasi moja ndogo aliyoikuta ndani ya kiatu cha mzee. Nilimpa mkebe wangu wa hesabu, na rula, na bangili ya shaba niliyopewa na bibi. Risasi ikawa yangu. Ilikuwa ndogo sana. Nilikaa nayo kiganjani nikashangaa kwamba mtu mkubwa kama baba mdogo, mwenye kicheko kile, anaweza kumalizwa na kitu chenye ukubwa wa punje ya hindi.

Habari za Kaagya zilikuwa zinatufikia wakati huo kupitia wanawake wauza ndizi. Baba mdogo Felician hakwenda tena kunywa pombe ya rubisi jioni. Akienda shamba anatembea katikati ya watoto wake, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mke wake amekataa kulala nyumba moja naye. Kahawa ya juu kule mwisho wa kibanja, kunako migomba minene, imeiva na kudondoka, hakuna aliyekwenda kuichuma. Mimi nilisikia habari hizi kama hadithi za mtu mwingine. Nilikuwa nangoja mlio.

Walikuja adhuhuri moja nikiwa nafua sare. Polisi wawili na mwenyekiti wa mtaa. Baba mdogo mwenyewe alibaki barabarani kando ya gari, amekonda, shati limemzidi. Risasi ilikuwa kwenye pindo la sketi yangu, na nilipomwona askari wa kwanza anaingia uani niliichomoa na kuitia mdomoni.

Ladha yake ni ya sarafu ya zamani na ya damu. Niliibana kati ya shavu na meno.

Walipekua. Walikuta kitako, wakakiweka mezani. Walivuta mfuko wangu wa sukari, wakaumwaga.

"Hiki ni nini, mama?" afande mkubwa akauliza.

"Ni mti, afande. Alichonga marehemu mume wangu."

"Na hivi?"

Mama alivitazama vile vyuma, na nadhani alikuwa anaviona kwa mara ya kwanza. "Mwavuli," akasema. "Kitanda. Baiskeli. Mtoto anachezea."

"Tunaambiwa unatafuta vipande vya bunduki mji mzima. Mpaka Kimwani umefika."

"Nauliza bei, afande. Sijanunua kitu. Waulize wote, kama kuna aliyeniuzia hata msumari. Kuuliza bei ni kosa?"

Afande alikisogeza kitako kando. Kisha akanigeukia mimi, akachutama ili uso wake uwe sawa na wangu. "Mwanangu, wewe hujui kudanganya. Mama ana bunduki?"

Nilimwangalia. Machozi yalinitoka kwa sababu chuma kilikuwa kinaniumiza fizi, na sikuweza kufungua mdomo. Akarudia swali. Majirani walikuwa wamejaa kwenye uzio.

"Huyo amefunga mdomo, afande," mama akasema. "Huyo alimkuta baba yake mdogo ameanika kahawa juu ya kaburi la baba yake, na kuku wanachakura. Mwulize yule pale barabarani, yeye anaweza kuongea."

Afande akainuka. Akatoka mpaka barabarani, na watu wote wakamfuata. Nilimsikia akiuliza, bila kupandisha sauti, "Mzee Felician, ni kweli ulianika kahawa juu ya kaburi la kaka yako?"

Baba mdogo akasema habari za saruji. Akasema habari za mvua, na kwamba mikeka ilikuwa imechakaa. Kila alivyoeleza, wanawake wa Kitendaguro walikuwa wanasogea hatua moja nyuma, kama mtu anayemkwepa mwenye ugonjwa. Mmoja akasonya, na sonyo lile likapokelewa pande zote za barabara. Polisi waliondoka na gari lao bila kumpakia. Alirudi Kaagya kwa miguu mpaka alipopata lifti, na alipita mbele ya kila nyumba.

Walipoondoka nilitema risasi kiganjani nikampa mama. Sijawahi kumwona mtu akikaa chini haraka vile.

"Umeitoa wapi?"

Nilimwambia. Nikamwambia pia kwamba nimechoka kungoja, kwamba yeye hajui kununua, kwamba mtutu wa Kimwani ulikuwa umenyooka. Mama alikwenda chooni akaitumbukiza risasi shimoni, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akarudi, akaketi mbele yangu.

"Sikiliza," akasema. "Sadoki ananunua chuma Kaagya kila wiki. Yule fundi baiskeli ni kaka yake mke wa Felician. Mke wa mhunzi wa Kimwani amezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu Kaagya, na hajawahi kukaa na neno. Ulidhani nilikwenda kule kwa ajili ya mtutu?"

Niliangalia mikono yake iliyolowa.

"Mtu ukimpiga risasi anakufa, basi. Hajui tena aliyemkosea. Mimi namtaka Felician awe hai. Namtaka aishi sana, na kila jani la mgomba likivunjika nyuma yake ajue ni mimi."

"Kwa hiyo hatutaitengeneza?"

"Tumeshaitengeneza," mama akasema. "Mwulize yeye kama haipo."

Nilikataa kuridhika. Mtoto anataka mlio. Ilinichukua miaka kukiri kwamba adhabu ya mama ilikuwa nzito kuliko yangu, na mpaka leo, nikiambiwa na wachungaji na mapadri kuhusu kusamehe, huwa naitikia kwa kichwa tu, kwa heshima.

Ukoo uliitana kabla ya mvua. Mke wa Felician ndiye aliyelazimisha. Alisema hatarudi kwenye nyumba ya mtu anayewindwa. Mama alikuja na kitako cha msambya, akakilaza mapajani kikao chote kama mtu aliyekuja na mwavuli. Hakukigusa, hakukitaja. Wazee wale wale wawili waliongea kwa zamu, na mwishowe mkubwa wao akasema, "Waitu, mwenzetu, Felician yuko tayari kukurudishia kibanja. Kitaandikwa kwa jina la binti. Kuna kingine?"

"Kaburi lioshwe."

"Tutaita vijana waoshe."

"Aoshe yeye."

Watu walishusha macho. Baba mdogo akaenda kuchota maji. Aliosha jua likiwa utosini, amepiga magoti, kwa brashi na sabuni ya mche, na ukoo mzima umesimama kati ya migomba. Mimi nilisimama upande wa kichwa, mahali ambapo kila akiinua macho ananiona. Alipodhani amemaliza nilimwonyesha kwa kidole cha mguu punje moja ya kahawa iliyonasa kwenye ufa.

"Ba'mdogo, hapo bado."

Akaichokoa kwa kucha.

Tulirudi kwenye nyumba yetu. Nilisoma, nikaolewa kama baba mdogo alivyotabiri, na kibanja bado kina jina langu. Felician aliishi jirani yetu miaka yote hiyo, na mama hakuwahi kumnyima salamu, wala chumvi, wala moto. Ila siku za soko, akimwona amekaa kwa muuza vitasa au kwa fundi yeyote, alisimama pale pale na kuuliza bei ya kitu kidogo cha chuma, kisha akaendelea na safari yake.

Mwaka jana baba mdogo aliugua ugonjwa wa uzee, akabaki mifupa na macho. Akatuma tuitwe. Mama alivaa gauni lake la kanisani, tukaenda. Binti yake alituwekea viti kando ya kitanda. Baba mdogo akanyoosha mkono akashika kanga ya mama.

"Shemeji," akasema kwa shida. "Niambie ukweli, mimi naondoka. Ile bunduki. Uliimaliza?"

Mama alimtengenezea mto vizuri. Akamvutia blanketi mpaka kifuani, akaikunja pembe yake taratibu, kama anavyofanyiwa mtoto.

"Bado," akasema. "Imebaki springi moja tu."

Baba mdogo alimtazama mpaka macho yakamchoka. Kisha akageuza uso, akamwambia binti yake afunge lile dirisha la upande wa migomba.